Vikopo Vilivyovimba: Namna Kompyuta ya Zamani Ilivyorudishwa Kazini

Ilikuwa katikati ya mwezi wa Shaabani kompyuta ya dada yangu ilipokataa kuwaka. Kwa watu wengi, kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2003 kufa siku hizi si habari ya kumshtua mtu. Jambo la ajabu ni kwamba ilikuwa bado hai. Lakini dada anaishi Tanga, ni mjane, na riziki yake na ya wanawe watatu inategemea mashine moja ya kudarizi iliyowekwa chumba cha mbele: shingo za kanzu, mikono ya mabaibui, na mara mojamoja mapazia ya bibi harusi.

Mashine ile haijui kuchora. Hupokea michoro kutoka kwenye kompyuta, na programu ya michoro hufanya kazi kwa sharti moja tu: nyuma ya kompyuta pawe pamechomekwa kifunguo chake maalumu, kijidude cha ukubwa wa kidole gumba, katika lile tundu pana lililokuwa likitumiwa na printa za zamani. Kompyuta za leo hazina tundu hilo. Toleo lile la programu haliuzwi tena, na toleo jipya halisemezani na mashine yake. Maana yake ni kwamba kuibadilisha kompyuta kungemlazimu abadilishe kila kitu, mpaka mashine yenyewe ya kudarizi. Na tayari alikwisha kupokea arbuni za kanzu arobaini za Idi, na arbuni hizo zilikuwa zimegeuka vitambaa na nyuzi.

Dalili zilikuwa zimeanza miezi kadhaa nyuma, naye hakuzijali, kama wengi wetu tusivyojali kikohozi. Asubuhi kompyuta ilitaka kubonyezwa mara mbili tatu ndipo iwake. Baadaye ikawa mara kumi. Kisha ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi, sindano ikiwa imefika nusu ya ua. Cha kustaajabisha, ikishapata joto ilitulia, ikafanya kazi hadi Magharibi pasi na tatizo. Mwishowe ikawa feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi tititi.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye duka mjini, alijaribu kumbukumbu nyingine, akajaribu pawa saplai nyingine, kisha akatoa hukumu: ule ubao mkuu wa ndani, ambao mafundi wetu huuita madabodi, umekufa, nunua kompyuta nyingine. Simlaumu sana. Kazi yake ni kubadilisha vipande vizima, na kipande hicho hakipatikani tena dukani. Alipolipwa ujira wake wa kuangalia alishukuru, nasi tukabeba sanduku letu.

Aliyetufaa ni mzee mmoja fundi wa redio, ambaye hajawahi kujitangaza kuwa anajua kompyuta.

"Shikamoo baba," dada alimsalimu, tukiwa bado mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Liwekeni hapo mezani, lifungueni tulitazame kwanza, maneno baadaye."

Alimulika kwa tochi ya simu, akainamisha kichwa mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao. Kando ya prosesa kulikuwa na safu ya vikopo vyeusi, virefu kama nusu ya kidole kidogo cha mtoto. "Mnaviona hivi?" akauliza. "Hivi vya huku pembeni vichwa vyake ni bapa kama sarafu. Hivi vya katikati vimeumuka kama maandazi. Na hiki, tazameni, kimekwisha kutapika." Juu ya kikopo kimoja kulikuwa na ukoko wa rangi ya kahawia, mithili ya kutu. Dakika hata tano hazikwisha. Jambo ambalo vyombo havikulibaini, macho yalilibaini.

Vikopo hivyo huitwa kapasita. Kazi yake inafahamika kwa urahisi na yeyote aliyeishi katika nyumba ambayo maji ya bomba huja na kukatika. Nyumba hiyo huweka tangi juu. Maji ya bomba yaje kwa vishindo au kwa matone, anayefungua bomba jikoni hupata mkondo ulio sawa. Prosesa nayo ndivyo ilivyo. Inataka umeme mdogo sana kwa kipimo cha volti, kiasi cha volti moja na nusu hivi kwa kompyuta za wakati ule, lakini inautaka kwa wingi na bila kutetereka. Umeme unaotoka kwenye pawa saplai ni wa volti 5 au 12, hivyo ubao huukatakata vipande maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili kuushusha. Kapasita ndizo zinazoyapokea mawimbi hayo na kuyafanya uwanda. Zikiharibika, prosesa hunyweshwa mawimbi, ikapotea njia katika hesabu zake. Ndiyo sababu mashine hujizima ovyo bila ya kosa lolote kuonekana kwenye programu.

Ndani ya kikopo hamna jambo kubwa: kanda mbili nyembamba za alumini, kati yake karatasi iliyoloweshwa majimaji yapitishayo umeme, vyote vikaviringishwa kama mkeka na kufungiwa kwa mpira upande wa chini. Siri imo juu ya ukanda mmojawapo. Una utando mwembamba mno wa oksaidi usiopitisha umeme, na yale majimaji ndiyo yanayouuguza utando huo kila unapochubuka. Majimaji yakikauka, kapasita hudhoofika. Yakiwa ni mabaya tangu kiwandani, huila alumini yenyewe, na katika kuila huzalisha gesi ya hidrojeni. Gesi ikikosa pa kwenda, kikopo huvimba. Ile michoro mfano wa msalaba au herufi K inayoonekana juu ya kapasita si pambo. Ni mikato iliyowekwa makusudi ili kichwa kifunguke taratibu badala ya kulipuka.

Na kwa nini joto liliiponya kompyuta ya dada kila siku baada ya saa moja? Kwa sababu majimaji yaliyokwisha kupungua hupitisha umeme vizuri zaidi yakiwa na joto kuliko yakiwa baridi. Mgonjwa alikuwa akipata nafuu ya muda, nasi tukadhani amepona.

Hapa lazima nitoke Tanga kidogo, kwa kuwa maradhi haya hayakuanzia kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilianza kutumia kwa wingi majimaji yenye asili ya maji ya kawaida, kwa kuwa maji ni rahisi na hupitisha umeme vyema. Lakini maji na alumini hazipatani ila kwa viungo maalumu vya kuzisuluhisha, na viungo hivyo vilikuwa siri za wenye viwanda vya Japani. Kwa mujibu wa habari zilizochapishwa miaka ya 2002 na 2003, likiwamo jarida la wahandisi la IEEE Spectrum, mtaalamu mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kijapani alihamia China na fomula ya mwajiri wake. Baadaye fomula hiyo ikanakiliwa tena kwenda Taiwan, safari hii ikiwa pungufu. Kilichosahaulika ndicho kilichokuwa kinga. Kisa hicho hakikupata kuthibitishwa kikamilifu. Lililothibitika bila shaka ni matokeo yake: kati ya takriban mwaka 1999 na 2007, kapasita zilivimba na kupasuka katika kompyuta duniani kote, nyingi zikiwa na umri wa miaka miwili mitatu tu.

Wala tusiibebeshe Taiwan lawama yote. Kampuni ya Marekani ya Dell iliuza kompyuta za ofisini zisizopungua milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu hiyo, na kapasita zake zilitengenezwa na kampuni ya Kijapani yenye jina kubwa. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha na kubadilisha. Nyaraka za kesi zilizofunguliwa hadharani mwaka 2010 zilionyesha mambo ambayo wateja hawakuwa wameambiwa. Kuna moja ambalo kila nikilikumbuka hucheka: idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika kuwa kompyuta zake zinakufa, ilijibiwa kwamba imezichosha kwa kuzifanyisha hesabu ngumu mno.

Kompyuta nyingi za miaka ile, ofisi za Ulaya na Marekani zilipomaliza kuzitumia, zilipakiwa makontena zikaja kwetu zikiwa mitumba. Shule zilinunua, maduka ya kuchapa yalinunua, na dada alinunua. Ya kwake haikuwa ya kampuni niliyoitaja, lakini ni ya zama zilezile, na vikopo vyake ni vya ukoo uleule.

Mzee alitoa sharti moja kabla ya kushika chombo chochote. Kwanza toeni diski, mnakili michoro yote pahali pengine. Naweza kutengeneza ubao, alisema, na naweza pia kuumaliza. Tukafanya hivyo kwa kompyuta ya jirani, na nakala mbili zikapatikana. Namsihi kila atakayesoma habari hii na akataka kuiga, aanze hapohapo. Ubao ukifa, diski aghalabu huwa salama, na picha za familia, hesabu za duka na wasia alioandika marehemu baba vimo kwenye diski wala si kwenye ubao.

Kisha akahesabu. Kapasita saba zilikuwa zimevimba wazi. Nne nyingine za jina lilelile zilionekana nzima. Akasema zote kumi na moja zitoke, kwa sababu kapasita huweza kuharibika bila kuvimba, na ni upuuzi kufungua sanduku mara mbili kwa ajili ya kuokoa vijisenti.

Kazi ya kutafuta mpya ilikuwa ngumu kuliko kazi ya kuzifunga. Kila kapasita imeandikwa ubavuni: zetu zilikuwa za mikrofaradi 3300 na volti 6.3, na chache za mikrofaradi 1500. Kanuni ya mzee ni hii. Volti zinaweza kuzidi kile kilichoandikwa, kamwe zisipungue. Mikrofaradi ziwe zilezile au zaidi kidogo. Kiwango cha joto kiwe nyuzi 105 wala si 85. Unene uingie penye nafasi yake, kwa kuwa milimita 8 na milimita 10 ni tofauti kubwa pale ambapo vikopo vimepangwa bega kwa bega. Na juu ya yote, iwe ni aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi kama hii. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kapasita ya kawaida ya redio itakuwa na namba zilezile ubavuni, itaingia vizuri, mashine itawaka na wote mtashangilia. Baada ya majuma machache itavimba kama ile iliyotangulia.

Mjini Tanga tulikosa. Mpwa wangu aliye Dar es Salaam alizunguka Kariakoo siku mbili, akatuma picha baada ya picha, na mzee akazikataa nyingi. Kuna bidhaa bandia ambazo ndani ya kikopo kikubwa mna kikopo kidogo. Nyingine zina lebo mpya juu ya mwili wa zamani, na miguu yake ni mifupi kwa kuwa imekwisha kukatwa mara moja. Mzee alimwambia mpwa azipime mkononi, nyepesi aiache. Hatimaye zilipatikana kwa muuzaji wa vipuri aliyeagiza za Kijapani zikiwa katika mfuko wake. Gharama yake pamoja na nauli ya basi haikufikia robo ya bei ya kompyuta ya mtumba.

Siku ya kazi mzee alipiga picha ubao kwa pande zote kabla ya kugusa. Kisha akautoa wote kwenye sanduku, na betri yake ndogo pia. Alitumia pasi ya kulehemu yenye ncha nene, naye akanieleza sababu: ubao wa kompyuta umetengenezwa kwa matabaka kadhaa ya shaba, na mguu hasi wa kapasita umeungana na tabaka pana linalolinyonya joto lote. Pasi dhaifu humfanya fundi angoje mno, na kungoja ndiko kunakouunguza ubao. Kwa hiyo alianza kwa kuongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani, jambo lililonishangaza, lakini lehemu mpya huyeyuka upesi na kuishawishi ya zamani iyeyuke nayo. Akapasha mguu mmoja, akainamisha kapasita upande. Akapasha wa pili, akainamisha upande wa pili. Hivyo hivyo, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto kwa upole, mpaka ikatoka yenyewe. "Ukivuta kwa nguvu," alisema, "utatoka na utepe wa shaba uliomo ndani ya tundu, na hapo tena hutengenezi kompyuta, unaizika."

Matundu yaliyobaki yameziba kwa lehemu aliyazibua kwa sindano ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa lehemu haing'ang'anii chuma hicho. Pale palipotapikiwa alipasafisha kwa spiriti na mswaki mkuukuu mara tatu.

Kuzirudisha ni kazi ya kutazama. Kapasita hizi zina upande. Mguu mfupi ni hasi, na ubavuni pana mstari unaoonyesha upande huo. Kwenye ubao pia pamechorwa duara ambalo nusu yake imepakwa rangi. Kwa watengenezaji wengi nusu hiyo ni hasi. Kuna waliofanya kinyume. Ndiyo maana ya zile picha. Kapasita ikifungwa kichwa chini miguu juu, kwa maana ya umeme, hupata moto na kupasuka kwa kishindo, nayo iko sentimita chache tu kutoka kwenye uso wa anayechungulia.

Watoto wa dada walitaka kutazama, wakafukuzwa mpaka uani. Lehemu ya mafundi wetu ina risasi ndani yake, na moshi wa dawa yake huwasha kifua. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mama mjamzito akae mbali. Hatari kubwa kuliko hiyo ni lile sanduku la pawa saplai. Humo mna kapasita zinazoshika umeme wa zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nao baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme huo huua. Mzee, pamoja na uzoefu wake wote, hakulifungua.

Nilimuuliza kwa nini mtu ahangaike hivyo kwa mashine ya zamani. Hakunijibu, alikuwa amebana lehemu midomoni, tabia ambayo sikuipenda na nikamwambia. Lakini wako watu katika nchi nyingi wanaofanya kazi hii kwa mashine kongwe zaidi: Macintosh za mwishoni mwa miaka ya 1980, Amiga za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Humo kapasita hazivimbi, bali huvuja chini kwa chini, na majimaji yake huitafuna shaba kimyakimya hata mashine ikiwa kabatini imezimwa. Mafundi wake husema pasi ikiigusa hutoa harufu ya samaki. Wenye mashine hizo hushauriwa wasingoje dalili.

Kwa nyumba ya kawaida sitoi ushauri huo. Kompyuta ya zamani isiyo na kazi maalumu haifai kuhangaikiwa. Inakula umeme mwingi na haiwezi hata kufungua tovuti za leo. Lakini iko ile ambayo kitu kingine kizima kinaitegemea: mashine ya darizi, mashine ya kukata herufi, kifaa cha maabara ya shule. Hiyo, kabla ya kuizika, itazame kwa tochi. Na iliyo nzima ipunguzie joto. Kapasita nyingi za aina hii zimekadiriwa kudumu saa 2000 hivi kwenye nyuzi 105, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi kumi umri huo huongezeka takriban maradufu. Kwenye nyuzi 65 hiyo ni kama saa 32,000. Feni iliyojaa vumbi la pamba, katika chumba cha cherehani, mjini Tanga, mwezi wa Februari: hesabu hiyo mtu aifanye mwenyewe.

Usiku ule, baada ya Isha, mzee alipima kwa mita kuona kama kuna mahali umeme umekutana pasipostahili. Akavaa miwani, akatuambia tusogee nyuma, akabonyeza kwa ncha ya kijiti. Feni ikazunguka. Kimya. Kisha ikalia mlio mmoja mfupi, ule ambao dada alikuwa hajausikia kwa siku kumi na tisa, na maandishi meupe yakajitokeza kwenye skrini.

Maandishi hayo yalisema kuwa tarehe haieleweki. Kwa kuwa betri ilikuwa imetolewa, kompyuta iliamini kuwa ni tarehe mosi Januari, mwaka 2003. Dada akavuta kiti, akaandika tarehe ya siku ile, akafungua mchoro wa shingo ya kanzu, akauliza nyuzi nyeupe ameziweka wapi.